Uzamili Dodoma: ufanye utafiti wa biolojia, uhandisi, fizikia, astronomia au elimu?

Masomo ya darasani ya uzamili mara nyingi huisha Julai au Agosti. Andiko la utafiti linapita kwenye kamati Septemba, au Oktoba kama msimamizi wako ni mtu wa safari. Vibali navyo vina mwendo wao: mwezi, miwili, wakati mwingine mitatu. Unapobeba begi kwenda fildi, mvua za Dodoma zimeshashika, wakulima wa Chamwino wameshapanda mtama, na shule zimefungwa mpaka Januari. Nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakisogeza mwaka mzima kwa sababu hiyo tu, na mada zao hazikuwa na kasoro yoyote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Mwalimu, nibaki fizikia au nihamie elimu?", huwa siingii kwenye ubishi wa fani ipi ina heshima. Namuuliza data yake iko wapi, nani ameishika, na inapatikana mwezi gani. Fani tano ninazozilinganisha hapa zinaachana sana kwenye maswali hayo matatu. Dodoma nayo ina upendeleo wake: kuna vitu ardhi hii inakupa mlangoni ambavyo mwenzako wa Dar es Salaam lazima apande basi kuvifuata, na kuna vingine ambavyo ukiving'ang'ania hapa utasafirisha sampuli mpaka uchoke.

Kwa ufupi mambo yako hivi:

| Fani | Data iko wapi | Unamsubiri nani | Inakwama lini |
|---|---|---|---|
| Biolojia | Shambani, zizini, zahanati | Kamati ya maadili, kisha mvua | Ukikosa Desemba |
| Uhandisi | Kwenye makabati ya taasisi, na ardhini | Mkuu wa ofisi asaini barua | Juni, mwaka wa fedha ukifungwa |
| Fizikia | Udongoni, juani, au ndani ya kompyuta | Zamu ya mashine | Sampuli zikishasafiri |
| Astronomia | Mtandaoni, bure | Msimamizi anayeijua | Umeme na bando vikikata |
| Elimu | Darasani | Ngazi nne za vibali | Septemba hadi Desemba |

Biolojia: mali ipo, mvua haingoji mtu

Ningeambiwa nimchagulie mtu nisiyemjua, ningemwambia biolojia ya mazao na magonjwa ya nchi kame. Dodoma inapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na yote inashuka kwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ndani ya mkoa huuhuu kuna vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI: Makutupora wanaoshughulika na zabibu, na Hombolo na mtama na uwele. Kuna pia TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kule Mpwapwa ambako alizalishwa ng'ombe wa Mpwapwa, chotara wa zebu wetu wa kienyeji na damu za Asia na Ulaya. Mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya hana. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba ukiharibikiwa msimu mmoja, wa pili uko njiani. Ukiwa na mtama huna bahati hiyo.

Lakini mada ambayo ningeiweka juu ya zote ni sumukuvu, ile inayoitwa aflatoksini. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika wilaya za Chemba na Kondoa, na Kiteto upande wa Manyara, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuvu anayeitengeneza, Aspergillus flavus, anapenda hasa hali tuliyonayo: ukame unaobana zao wakati punje zinajaa, halafu mavuno yanayoanikwa chini na kuwekwa kwenye kihenge kabla hayajakauka sawasawa. Maabara, mkulima, hali ya hewa na lishe ya mtoto vyote vinakutana hapo, na bado kuna maswali mengi ambayo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuyajibu kwa kilomita chache za bodaboda.

Ugumu wake uko mahali ambapo wengi hawauoni mpaka majibu yarudi. Chukua gunia la mahindi la kilo mia. Sumu haikutawanyika ndani yake kwa usawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na maelfu yaliyobaki yakawa safi. Ukichomeka bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, mara moja ubavuni mwa gunia ukatoa kiganja cha punje, majibu yako yatakuwa bahati nasibu: leo safi, kesho sumu, gunia lilelile. Kwa hiyo unachoma sehemu nyingi, juu, kati na chini, unakusanya kilo kadhaa, unasaga sampuli nzima iwe unga, unachanganya, ndipo unachota gramu chache za kupima. Na mashine ya kusagia unaisafisha kila baada ya sampuli, la sivyo gunia la Mzee Fulani linamchafulia jirani yake. Kazi hii inachosha, ina vumbi, na haimo kwenye picha za watu waliovaa makoti meupe. Ila kosa kubwa katika kupima sumukuvu linatokea hapa, kwenye kuchukua sampuli, kuliko kwenye mashine yenyewe.

Kipimo nacho kina ngazi zake. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa ile aina ya B1 ambayo ndiyo kali kuliko zote. Vipimo vya haraka vinakwambia kama umevuka au hujavuka. Ukitaka namba unayoweza kuitetea mbele ya mtahini wa nje, unahitaji mashine ya kromatografia, na hapo bajeti inaanza kuzungumza. Wanafunzi wanaofanikiwa huchanganya: sampuli nyingi kwa kipimo cha haraka, chache walizochagua kwa kipimo kikubwa.

Kuna jambo jingine. Ukienda kijijini kuchukua mahindi, ukishaitikiwa "mbukwa", salamu ya Wagogo, na kukaribishwa kigoda, utaulizwa swali moja na wazee: "Mwanangu, wale wa mwaka juzi nao walichota. Majibu yao yako wapi?" Weka kwenye bajeti nauli ya kurudisha majibu. Kamati ya maadili inapenda kuliona hilo kwenye andiko, na kijiji kinapenda zaidi.

Kama mada yako inagusa damu, mkojo au ugonjwa wa mtu, vibali vinaongezeka, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanaingia. Usiogope, ila anza mapema. Na kama unadhani utafiti wa vijijini Dodoma hauwezi kufika mbali, angalia Kongwa. Utafiti wa vikope (trakoma, ugonjwa wa macho) uliofanyika huko kwa miaka mingi, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, ulipeleka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995 jambo ambalo bibi yeyote angeona ni la kawaida: kuhimiza watoto kunawa uso, pamoja na dawa, kulipunguza vikope vikali. Mkakati wa dunia wa kupambana na vikope unaweka kunawa uso kama nguzo mojawapo, na ushahidi wake mwingine umetoka hapa kwetu, penye nzi wengi na maji ya kubeba kichwani.

Uhandisi: data ipo tayari, ila haiko mikononi mwako

Biolojia inakulazimisha utengeneze data mwenyewe. Uhandisi wa Dodoma una sifa iliyo kinyume: mara nyingi data imeshakusanywa na mtu mwingine, tena kwa miaka usiyoweza kuifikia. Mfano mzuri kuliko yote ni maji ya chini ya ardhi ya Makutupora, kule Mzakwe, ambako jiji linapata sehemu kubwa ya maji yake. Kina cha maji kwenye eneo lile kimeandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55, kazi ya watafiti wa nje pamoja na Watanzania waliokuwa kwenye sekta ya maji. Walichokiona: maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Yanajazwa kwa mikupuo, katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Miaka inayobaki kisima kinashuka tu.

Ukiwa mhandisi wa maji, hilo linabadilisha namna ya kufikiri. Wastani wa mvua wa mwaka haukuambii kitu cha maana kuhusu kisima chako. Maswali yanayofuata yanajipanga yenyewe: mabwawa madogo ya kuzuia maji ya korongo yanaweza kuongeza ujazo? Pampu zipunguzwe vipi kwenye miaka mikavu? Jiji lililokua ghafla tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016 linatumia kiasi gani zaidi? Na vyoo vya shimo vya mitaa mipya vinaacha nini kwenye maji? Naitreti kwenye visima vya Dodoma ilishaandikwa na watafiti miaka ya 1990, kabla Mtumba haijawa mji wa serikali.

Shida ni kuipata hiyo kumbukumbu. Namba ziko kwenye mamlaka ya maji, bodi ya bonde, RUWASA (wakala wa maji vijijini), na barua yako inaweza kulala mezani kwa mtu aliye likizo. Kuna mwanafunzi aliandikia ofisi moja (siitaji), akapigwa tarehe kuanzia Machi. Majibu yakaja mwezi wa Julai: faili limehamishwa jengo. Hapo ndipo anayefanya kazi kwenye sekta ana faida kubwa juu ya aliyetoka shule moja kwa moja. Kama umeajiriwa RUWASA au halmashauri, data unayoiandika kila siku kazini ni tasnifu nusu.

Upande wa majengo na barabara, ardhi yenyewe ni maabara. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, unazichana kuta za nyumba mpya kila kiangazi. Ukipita mitaa inayojengwa sasa utaona nyufa za ngazi kwenye kona za madirisha kabla hata rangi haijapigwa. Barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, uwanja wa ndege wa Msalato: maeneo kama haya yanampa mtafiti wa udongo na lami kazi ya miaka. Omba kuingia kupitia mhandisi mshauri badala ya mkandarasi. Mkandarasi ana haraka, na anakuona unakuja kumkagua.

Wanaodharau vipimo vya udongo na mvua wakumbushwe Kongwa kwa mara nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta mpaka yale yaliyobaki kutoka vitani, wakafyeka pori kabla hawajauelewa udongo unaokauka ukawa kama sakafu wala mvua isiyo na ahadi. Mwaka 1951 mradi ulikufa.

Fizikia na astronomia: mmoja anasubiri mashine, mwingine hasubiri kitu

Hizi mbili watu huziweka kapu moja, na kimahesabu ni kweli ni ndugu. Ila kimaisha ya mtafiti wa Dodoma ziko mbali kabisa.

Chukua fizikia ya mionzi. Bahi, na Manyoni upande wa Singida, ardhi ina urani, kwa hiyo swali la kiasi cha mionzi ya asili kwenye udongo, maji na mpunga wa Bahi lina maana halisi kwa watu wanaoishi pale. Unachukua udongo, unaukausha, unauchekecha, unaufungia kwenye kopo lisilopitisha hewa. Halafu unasubiri wiki tatu au nne bila kuligusa, kwa sababu gesi ya radoni inayotokana na radiamu lazima ifikie uwiano na mama yake kabla kipimo hakijawa na maana, na radoni hupungua nusu kila siku 3.8. Baada ya hapo kopo linapimwa kwenye kigunduzi cha miali ya gama, kila moja kwa saa nyingi. Ukitumia maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki zilizoko Arusha, sampuli zako zinapanda basi la kupitia Kondoa na Babati, na wewe unasubiri zamu. Hesabu muda: makopo 40 si kazi ya wiki moja. Ni utafiti mzuri, una ajira nyuma yake kwenye tume yenyewe na kwenye fizikia ya tiba hospitalini, ila asiyependa kusubiri asiuguse.

Fizikia nyingine ya hapa ni nyepesi na wengi wanaipita. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma ni jua na vumbi. Weka paneli mbili za sola za aina moja juu ya paa, moja ifutwe kila asubuhi, nyingine iachwe. Rekodi umeme, joto la paneli na nguvu ya jua kila baada ya dakika chache, kisha pima vumbi lililokaa kwenye kipande cha kioo. Swali linasikika la kawaida mpaka unapomkuta mwenye pampu ya sola ya kisima cha kijiji asiyejua kama amtume kijana kufuta paneli kila wiki au kila mwezi. Na utafiti huu unaanza vizuri Septemba, kipindi ambacho biolojia na elimu vinakufungia mlango. Kwa ratiba ya chuo, hakuna mada ya maabara inayokaa vizuri kuliko hii.

Astronomia haikuombi hata paa. Chombo cha anga cha Gaia, cha Ulaya, kilirushwa Desemba 2013, na katika toleo lake la tatu la Juni 2022 kilitoa nafasi na mwangaza wa nyota takriban bilioni 1.8. Ziko wazi kwa kila mtu. Unaingia, unaandika ombi lako la data, unapakua jedwali. Hakuna Katibu Tawala, hakuna kamati ya maadili, hakuna mkulima anayedai majibu. TESS, chombo cha Marekani kinachotafuta sayari za nyota nyingine tangu 2018, nacho data yake ni ya wote. Mwanafunzi wa Ng'ong'ona mwenye kompyuta ya wastani, lugha ya programu ya Python na bando la usiku anafungua faili lilelile analofungua mwenzake wa Cambridge. Katika fani zote tano hakuna usawa wa namna hiyo.

Sasa mbona sikuiweka ya kwanza? Kwa sababu ya mtu wa kukuongoza. Data ya bure haina mtu wa kukwambia kwamba kundi la nyota uliloligundua limeshaandikwa mara kumi, au kwamba mwangaza unaopungua ni doa la kamera. Wasimamizi wa astronomia nchini ni wachache. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amebeba sehemu kubwa ya kazi ya kuileta elimu ya anga kwa umma, na mwaka 2016 kupatwa kwa jua kwa Septemba 1, kulikoonekana kama pete pale Rujewa, Mbeya, kuliwatoa watu majumbani kwa maelfu. Lakini hamasa ya umma na idara yenye wasimamizi watatu ni vitu viwili tofauti. Tanzania pia haimo kwenye orodha ya nchi nane washirika wa Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya redio ya SKA. Kenya, Zambia na Msumbiji wamo. Mafunzo yanayokuja kupitia mlango huo yanawafikia majirani kabla yetu. Kwa hiyo ukiitaka astronomia, mpate msimamizi wa pili wa nje kwanza, kwa maandishi, ndipo usajili mada.

Kuna faraja moja: kitakachobaki mikononi mwako ni ufundi wa kuchakata data kubwa, na huo unauzika benki, kwenye kampuni za simu, kwenye takwimu. Anayeshindwa kupata kazi ya nyota hajapoteza kitu. Aliyeshindwa na programu ya kompyuta mwezi wa kwanza, huyo abadili mada mapema.

Elimu si mahali pa kujificha

Wanaohama kutoka sayansi kwenda utafiti wa elimu mara nyingi wananiambia sababu moja: "Kule ni dodoso tu." Nawaonea huruma kidogo.

Anza na vibali. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa wa Wilaya, inakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo unafika kwa Mwalimu Mkuu, ambaye ana haki ya kukwambia uje wiki ijayo. Ukihoji watoto unahitaji ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Kisha kalenda: Darasa la Saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, Desemba hakuna mtu. Anayepata kibali Oktoba anafika shuleni wakati walimu wanasimamia mitihani. Ukiipanga kwa Februari hadi Mei, kila mlango unafunguka.

Baada ya hapo kuna takwimu, na hapa ndipo tasnifu nyingi zinapovuja. Mtu anachukua wanafunzi 400 kutoka shule nne na kuwachambua kana kwamba ni watu 400 wasiojuana. Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja, ubao mmoja, njaa moja ya saa nne. Kwa swali linalohusu shule, sampuli yake inakaribia nne kuliko 400. Linganisha na jaribio la KiuFunza, ambalo matokeo yake yalichapishwa 2019: shule za msingi 350, zikagawanywa kwa kura. Zilizopewa fedha za ruzuku peke yake, ufaulu haukusogea. Zilizopewa ruzuku pamoja na motisha kwa walimu kulingana na matokeo, watoto walijifunza zaidi. Jibu hilo lilihitaji shule 350. Mwanafunzi wa uzamili hana shule 350, kwa hiyo asijaribu kuuliza swali la aina hiyo. Aingie ndani ya madarasa mawili, akae muhula mzima, aandike kinachosemwa.

Na Dodoma ina cha kusikiliza. Mtoto wa Chemba anaweza kutoka nyumbani akiongea Kisandawe, lugha yenye vidoko isiyofanana na ya jirani yake yeyote, akakuta Kiswahili darasa la kwanza, kisha Kiingereza kidato cha kwanza kwenye somo la fizikia. Mwalimu anauliza "what is density?", darasa kimya, anarudia kwa Kiswahili, mikono kumi juu. Rekodi dakika arobaini za kipindi hicho, zichambue vizuri, na una utafiti ambao hata mtafiti wa Ulaya atautaka.

Fedha na cheti

Kwa haraka. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, wana mfuko wa MTUSATE unaotoa fedha kwa kushindania matangazo yake. Wanaofaidika zaidi ni wanafunzi waliojishikiza kwenye mradi wa msimamizi. Wanawake wa sayansi wanaotaka uzamivu waangalie OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Wanafizikia wana ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoko Trieste, Italia, kilichoanzishwa 1964, chenye diploma ya mwaka mmoja inayolipiwa kila kitu. Elimu ina fedha chache za namna hii, na nyingi zinafuata mashirika yenye ajenda zao.

Anayelenga kufundisha chuo kikuu akumbuke kwamba matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi yanadai GPA ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Mada ngumu inayokucheleweshea mwaka haikushushii GPA, lakini mada inayokufanya ukimbizane na masomo ya darasani huku ukitafuta sampuli inaweza.

Basi uchague ipi?

Mwalimu wa fizikia wa sekondari anayesoma huku anafundisha: usichukue mionzi, hutakuwa na muda wa kufuata makopo Arusha. Chukua elimu, ila kwenye shule isiyo yako, au unganisha na anga. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mapema Machi na tena kwenye siku kumi za mwanzo za Oktoba jua linapita utosini kabisa. Simika mti wa wima uwanjani. Machi kivuli kinatoweka karibu saa saba kasoro dakika kumi, Oktoba karibu saa sita na dakika ishirini na tano. Kwa nini si saa sita kamili, na kwa nini saa zinapishana kati ya miezi hiyo miwili, ni masomo mawili ya jiografia na fizikia kwa gharama ya kijiti. Kupima watoto wanaelewa nini kabla na baada ya somo hilo ni tasnifu halali.

Mhitimu wa biolojia asiye na ajira: nenda TARI Hombolo au Makutupora uombe kujitolea kabla hujasajili mada. Kituo kinakupa shamba, msimamizi wa pili na majira yaliyopangwa na watu wanaoijua mvua.

Mtu wa maji au wa halmashauri: uhandisi, bila kusita.

Anayependa kompyuta na asiyependa watu: astronomia, au fizikia ya kukokotoa kwa programu za bure kama Quantum ESPRESSO. Hakikisha tu una betri ya akiba.

Na asiyejua anapenda nini: paneli mbili juu ya paa. Zitakufundisha kupima, kurekodi na kuchora grafu, na ukibadili mawazo hujapoteza msimu wa mtu yeyote.

Fani yoyote utakayochukua, barua za kuomba data au ruhusa ziandike muhula wa kwanza, hata kama andiko halijapita. Zinaweza kusema "utafiti unaotarajiwa". Zipeleke kwa mkono masjala, katika nakala mbili. Moja iache pale, nyingine wagonge mhuri wa kupokea wenye tarehe, ubaki nayo wewe.